Beni Haichezwi Peke Yake

Mjukuu wangu alirudi kutoka shule na daftari. Wametumwa waulize wazee neno "beni" limetoka wapi. Nikamwambia, andika: ni bendi. Askari wetu waliopelekwa vita vya Wazungu walisikia bendi ya jeshi, wakarudi kwao mikono mitupu, wakatengeneza tarumbeta za vibuyu. Watu sita, saba, basi, mna beni. Baba yangu alipiga. Na andika hili ambalo wajuaji hawalijui: pande mbili zinakabiliana, zinapiga kwa pamoja, watu wanahamia wenyewe upande unaoshinda. Isiyo na mpinzani si beni, ni kelele.

Lililobaki sikumwandikisha, maana linamhusu baba yake.

Mwanamume huyo alimrudisha binti yangu hapa Tinde akiwa na mimba ya huyu mtoto, akatangaza kwamba hajui kupika wala kunyamaza. Wazee walipomwambia achukue ng'ombe wake wa mahari, akacheka. "Kaeni nao! Mimi nachimba dhahabu Geita, nihangaike na ng'ombe?"

Hapo alikosea. Kwetu Wasukuma, ng'ombe wakibaki, ukwe umebaki. Na mkwe wa kiume hasimami uso kwa uso na mama mkwe wake, yaani mimi. Wakikutana njiani, anapisha porini.

Mwaka juzi, baada ya mavuno, akaja uwanja wa mnada na vijana watano na matarumbeta yanayong'aa. Beni yangu, beni yangu, ndiyo maneno yake kwenye kipaza sauti. Nyimbo mbili nilivumilia. Wa tatu ulimsema mwanamke aliyerudishwa kwao. Watu wakageuka kumtazama binti yangu, amekaa akiuza nyanya zake. Wakacheka.

Nikawafuata wanawake wanne wa jumuiya yetu ya kanisani. Tukabeba ngoma na vibuyu, tukajipanga hatua kumi mbele yake, mimi katikati.

Akashusha tarumbeta. Macho chini.

"Shikamoo, mama."

Nikamjibu kwa ngoma, pigo moja.

"Mama, naomba msogee upande kidogo."

"Umesema beni. Piga."

Fundi baiskeli mmoja akapaza sauti: "Piga, bwana dhahabu! Au kachukue ng'ombe wako kwanza!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Akatugeuzia mgongo, tukazunguka, tukamkabili tena. Mara tatu hivyo. Ya nne akapita nyuma ya machinjio, tarumbeta kwapani, akaingia vichakani. Vijana wake walipiga kidogo bila kiongozi, watu wote wakiwa wameshahamia kwetu. Binti yangu akaacha nyanya, akaja kuchukua ngoma. Aliipiga kama anayetwanga.

Padri anasema nisamehe. Sawa, nitasamehe. Ila nasikia Jumamosi huyo bwana anapiga kwenye harusi huko Kambarage, na wenzangu nimeshawaambia gari linaondoka saa mbili asubuhi.