Watu-Simba wa Kwenye Gemu

Binti yangu alipokuja kunitembelea hapa mjini Singida, alikuja na laptopu yake, na ndani ya laptopu kuna gemu. Alikuwa amekulia kwa baba yake mdogo kule Mtinko. Miaka yote hiyo mimi nilikuwa na swali moja tu tumboni: na yeye aliwaamini walionizulia uchawi?

Nilikuwa mjane, naishi hukohuko Mtinko. Ndama wangu akaumwa, nikamlaza katika chumba cha giza ndani ya tembe, nyumba yetu ya udongo, kama kila mtu kwetu anavyofanya, nikawa nampelekea uji. Siku hizohizo fisi akamrarua mchungaji bondeni. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, akasema nafuga mtu-simba, na huo uji ni wake. Kwetu wanalijua neno hilo: binadamu anayefungiwa gizani toka utotoni, akikua anavishwa ngozi na kutumwa kuua. Mganga akathibitisha, akapewa mbuzi. Jirani yangu muuza pombe ndiye aliyeleta kiberiti, wakaichoma nyumba. Majina yao siyaandiki, hawastahili wino, ila wakisomewa haya watajijua. Ndama aliungulia ndani. Mimi nilitokea nyuma na mkono huu wenye kovu la moto. Mtoto alikuwa shuleni. Wakamchukua, wakasema mchawi halei. Shamba langu shemeji analilima mpaka leo.

Sasa, mchana huo namletea chai, naona kwenye kioo cha laptopu simba kasimama kwa miguu miwili, kavaa joho, anasalimia watu. Kikombe kikanitoka.

"Mama! Umeungua?"

"Nini hicho?"

"Ndiye mimi huyo," akacheka. "Humu unachagua kabila. Kuna warefu, kuna wafupi wanaokaa chini ya ardhi, na hawa. Mimi nachagua hawa siku zote."

"Anawafuga nani?"

Akaacha kubofya. "Hawafugwi, mama. Kaa nikwambie asili yao."

Akanisimulia kama anataja ukoo wake. Zamani mwezi ulishuka kunywa kwenye ziwa la chumvi, ukakuta simba jike na mwanamke wanagombea maji, ukawafanya mtu mmoja. Huyo ndiye bibi yao. Lakini ukianza gemu, kila kijiji wanakwambia vingine: waliumbwa na mchawi, mwanamke, ili waue watu.

"Unaamini hivyo mpaka katikati. Ndipo unaingia pangoni unakuta michoro. Kumbe hayo ya mchawi aliyatunga mtawala mmoja, alikuwa analitaka ziwa."

"Na watu wakamwamini?"

"Si alikuwa na mganga wake!" Akanitazama. "Kama baba mdogo na shamba lako."

Nikakalia ndoo.

"Ulijua?"

"Mama, mimi nililala chumba kimoja na yule ndama. Mtu-simba gani anaharisha vile?"

Nilicheka mpaka jirani wa hapa mjini akachungulia mlangoni. Kisha nikalia, kisha nikacheka tena. Wale watatu sijawasamehe na wala sina haraka. Ila nilipumua, jamani. Nilipumua kama mtu aliyetuliwa gunia la mtama.

Binti akanisogezea kiti, akanipa kile kitu cha kushika cha kuchezea, nimtembeze mwenyewe yule simba wake. Nikamgongesha ukutani, nikamtumbukiza ziwani.

"Taratibu, mama! Huyo ni mtu."

"Najua ni mtu," nikamwambia. "Nionyeshe anavyotoka majini."