Mashairi ya Kimetafizikia Njiani Kwenda Shiling

Mdogo wangu wa kike alikuja Guangzhou kusomea mashairi wakati mimi nimeshazoea kuja kununua mabegi ya biashara. Mama yetu alikuwa amefariki miezi michache kabla. Makaburini mdogo wangu hakutoa chozi. Alisimama kama mtu anayesubiri kuitwa jina. Tangu siku ile hakuna aliyethubutu kumtaja mama mbele yake.

Jumamosi moja alinisindikiza Shiling, mji wa mabegi. Ndani ya basi nikamuuliza anasoma mashairi gani hasa.

"Ya kimetafizikia."

"Ndiyo nini hiyo?"

Akacheka. "Ya Waingereza wa zamani, kaka. Hayaanzi na maua wala mbalamwezi. Yanaanza ghafla, kama mtu kamkatiza mwenzake katikati ya ugomvi. Halafu mshairi anajenga hoja kama wakili. Anabishana na mpenzi wake, na kifo, hata na Mungu."

"Na Mungu?"

"Tena kwa lugha ile ile ya mapenzi! Lakini kinachonishangaza zaidi ni hiki: anachukua vitu viwili visivyo na undugu kabisa, roho na kifaa cha fundi, anavifunga pamoja. Mwanzoni unadhani ni utani. Ukimfuata mpaka mwisho, unakuta kakugusa penye kidonda."

Nikamwambia huo ni ujanja wa wasomi. Mtu mwenye uchungu hana nafasi ya kupanga hoja.

"Wengine wakiumia ndipo akili inapokimbia zaidi," akasema, akageukia dirishani.

Kiwandani, laoban, yaani bosi mwenyewe, alitupangia sampuli mezani. Nilikuwa najaribu zipu ya mkoba mmoja, nafunga, nafungua. Sijui nini kilinijia. Nikasema kwa sauti, macho yangu kwenye mkoba:

"Ngoja kwanza, Mungu. Kichwa hiki cha zipu ndicho kilichozitenga pande hizi mbili. Lakini hakuna kingine cha kuziunganisha, ni hiki hiki. Basi kama kifo ndicho kilichopita kati yetu na mama, ndicho kitakachotufikisha kwake. Na hakiendi chenyewe. Kuna mkono umekishika."

Nilitaka kumchekesha tu. Nilipoinua macho, mdogo wangu alikuwa ameketi juu ya boksi, analia kwa sauti, mabega yanamtikisika. Laoban akadhani mkoba una kasoro, akakimbilia kuleta mwingine. Nikamwashiria kwamba si mkoba.

"Rudia," mdogo wangu akaniomba.

Nilijaribu, maneno yakatoka yamelegea. Yale ya mwanzo yalikuwa yameshapita. Sikujua kwamba kitu kama kile kingeweza kutoka kinywani mwangu, wala kwamba mtu angeweza kufikiri na kulia kwa pumzi moja.

Mchana, mgahawani, alianza mwenyewe kumzungumzia mama: jinsi alivyokuwa akipandisha sauti kanisani makusudi ili kwaya nzima imgeukie. Tulicheka mpaka watu wa meza ya jirani wakatutazama.

Kwenye basi la kurudi nilimwomba anisomee shairi moja. Akasoma kwa Kiingereza, taratibu, akinifafanulia kila penye kona. Sikuelewa yote. Hata hivyo, alipomaliza nilimwambia, "Rudia."