Karata Zilizonukia Nazi

Karata kuukuu zikinukia mafuta ya nazi hunichafua roho, mimi tajiri wa Kona ya Musa nisiyetishwa na mtu.

Siku zile za bendera mpya ya uhuru, harusini kijijini Bongwe, fundi wa kiinimacho kutoka mjini alivaa koti la kumetameta, akapuliza filimbi, akarusha karata hewani. Akashangiliwa. Mjomba wangu, naye mcheza kiinimacho, aliposimama akazomewa: “Wewe huna hata koti!”

Mjomba akakunja mikono ya kanzu, akatoa karata zake kuukuu zilizonukia mafuta ya nazi, akamchagulisha baba wa bibi harusi karata moja, akaichanganya na zingine. “Sasa vua kofia yako, mzee,” akasema taratibu. Karata ilikuwa humo.

Hakuna aliyepiga makofi.

“Audhubillahi! Mchawi huyu!” wageni wakapiga kelele.

Pilau ilipoletwa, hakuna aliyekubali kula naye; Mjomba alikula sinia zima peke yake.

Madukani kwangu nimejaza taa za rangi na vipaza sauti, kama lile koti na ile filimbi ya fundi. Nani ataniita mchawi?