Meza ya Jiko Lenye Umbo la Yai

Siku jiko lile lilipoteremshwa uani kwa shemeji yake, Mzee Ukucha alilizunguka mara tatu, akaligonga kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, kisha akauliza, "Limetagwa na nani?"

Wanaume wanne ndio waliolibeba, na wote wanne walikuwa wamekaa chini wanahema. Lilikuwa jiko la mkaa la kauri, nene kama ukuta, la kijani, limesimama kama yai. Nusu yake ya juu ni mfuniko wenye bawaba, na utosini pana kitundu. Chini, karibu na kitako, kuna kimlango cha kuteleza. Mkaa unakaa ndani, nyama inakaa juu ya wavu, halafu unafunika.

"Unafunika moto?" Mzee akauliza.

"Mwanangu aliyelileta ndivyo alivyosema. Unafunika, ndipo linakolea."

"Moto ukifunikwa unakufa, shemeji. Hata kuku anajua."

"Basi nikatengenezewe meza na kuku." Huyu shemeji alikuwa mkunga mstaafu, mdogo wa marehemu mke wa Mzee, na utani kati yao haukuwahi kulala. "Mimi nataka jiko likae katikati ya meza, hapa hapa nje. Huku pa kuweka sinia, huku pa kukatia, mkaa chini. Nimezalisha watu miaka thelathini nimeinama. Kuchoma nyama nachoma nimesimama."

Jina la Ukucha hakuzaliwa nalo, alipewa na wateja. Mbao mbili akiziunganisha yeye, ukucha haupiti katikati. Watu walikuwa wakijaribu kabisa, wanapitisha kidole, wanatikisa kichwa, wanalipa.

Lakini mwaka ule alitengeneza kabati lenye milango miwili, mmoja mrefu kuliko mwenzake. Habari zikamfikia binti yake wa pekee, aliyeolewa mji wa mbali kidogo, naye akaja na maneno yaliyokwisha kuiva: "Baba, macho yamechoka. Funga karakana, uje tukae wote."

Kabati lenyewe lilikuwa bado limesimama pale mlangoni pa karakana, limepinda mdomo. Wakabishana, wakanuna, wakapatana. Meza ya shemeji ndiyo itakayoamua. Ikitoka sawasawa, Mzee anabaki na karakana yake. Ikiharibika, anahama bila neno. Binti angerudi Jumamosi kuikagua.

Sasa jiko lilikuja na kijitabu cha picha tupu, hakina hata neno moja. Mzee alikisoma kwa kukigeuza huku na huku. Kulikuwa na mishale inayoingia kwenye kile kimlango cha chini na mingine inayotokea utosini.

"Shemeji, hii mishale ni ya nini?"

"Labda ndiko wanakopita panya."

Mzee akaamua kwamba mishale ya chini inaonyesha jiko linaingizwaje mezani, na ya juu linatolewaje. Jibu hilo halikumridhisha hata yeye, ila hakuwa na jingine. Picha iliyofuata ndiyo iliyomuudhi. Ilionyesha meza yenye tundu, jiko limo ndani yake, na kulizunguka pameachwa nafasi tupu, pana, ya kutia mkono.

"Ona uvivu huu!" akasema. "Huyu fundi wao hajui kupima. Ngoja nimwonyeshe."

Akamwonyesha. Alifanya kazi siku nne, miwani puani, kamba ya kupimia shingoni, na kila kipimo alikipima mara tatu kwa sababu ya lile kabati. Tundu lilipokamilika, wale wanaume wanne waliitwa tena, wakaliteremsha jiko, likazama taratibu likakaa kama kidole ndani ya pete. Mzee akapitisha ukucha pande zote. Haukupita. Ili kazi isibaki uchi, akaziba na ubavuni, akaziba na mbele kwa mbao zilizopigwa msasa mpaka zikang'aa. Kile kimlango cha chini kikafichwa nyuma ya ubao, kisiharibu sura.

Alhamisi mchana wakawasha. Mkaa ukashika, wakafunika, moto ukafa. Wakawasha tena. Ukafa tena.

"Mkaa wako umenyonya maji," Mzee akasema.

"Mkaa huu huu asubuhi umekuchemshia chai ukanywa vikombe viwili."

Mara ya tatu wakaacha mfuniko wazi, Mzee akapepea kwa sinia mpaka jasho likamtoka. Moto ukakubali, ukapanda, na baada ya muda ikaja harufu. Haikuwa ya nyama. Ubao uliozunguka tundu ulikuwa unageuka kahawia, kisha moshi mwembamba ukaanza kutoka pale ukucha usipopita. Wakafunika haraka, na moto, kama kawaida yake, ukafa.

Mzee akakaa juu ya ndoo. "Sielewi. Ukiachwa wazi, unakula meza. Ukifungwa, unakufa. Nami sijaacha hata nafasi ya unywele!"

Shemeji akatazama ile meza kwa muda. "Kuna mama aliwahi kuniletea kichanga, kinalia, chekundu kama nyanya. Kumbe kakivisha nguo nne, na mashuka mawili juu. Nikakivua, kikanyamaza."

"Hilo na meza wapi na wapi?"

"Sijui. Nimekumbuka tu."

Mzee akakifungua tena kijitabu. Akaitazama mishale, akalitazama jiko, akaitazama mishale. Mishale ilikuwa njia ya hewa, inaingia chini, inatokea juu.

Ijumaa wale wanaume wanne wakalitoa jiko, Mzee akashika msumeno. Watu wangu, kukata mbao mbovu ni kazi, lakini kuzikata zilizo nzuri kwa makusudi ni msiba. Aliuweka msumeno chini mara mbili, akauokota. Alipanua tundu vidole vitatu kuzunguka jiko lote, akatoboa dirisha mbele ya kimlango, na chini ya kitako akaweka bamba la zege ili kauri isiguse ubao. Jiko liliporudishwa, alirudi nyuma hatua tano akatazama. Kwa macho yake mwenyewe ilikuwa meza ya mwanafunzi.

Jumamosi binti akafika. Alikwenda moja kwa moja kwenye tundu, akaingiza kidole, kisha mkono mzima.

"Baba." Sauti ilikuwa ya kubembeleza, na hiyo ndiyo iliyomuumiza zaidi. "Imeachia kote. Hata wewe umeona?"

"Nimeona. Nimekata mwenyewe."

"Umekata mwenyewe?"

"Ilikuwa haijaachia, ikawa mbovu. Sasa imeachia, ni nzima." Akajisikia anavyosema, akaona aibu. "Sijui nikuelezeje. Subiri."

Akawasha. Mkaa ukashika. Akafunika, na wote watatu wakakikodolea macho kile kitundu kama wanaosubiri mgonjwa azungumze. Moshi ukachomoza utosini, mwembamba, ukaendelea. Shemeji akapanga nyama. Muda ulipopita, Mzee akamshika binti yake mkono, akauweka juu ya ubao, karibu kabisa na tundu.

"Unaungua?"

"Hapana."

"Na jiko?"

Akalisogezea kiganja, akakiondoa upesi. "Moto kweli." Akainama, akachungulia ule upenyo, akainuka, akachungulia tena. "Sasa hii ni kazi nzuri au mbaya?"

"Imenichanganya hata mimi, mwanangu. Lakini sikukosea kipimo. Vidole vitatu, pande zote. Pima."

Akapima. Vilikuwa vitatu, pande zote.

Nyama ilipoiva, binti akauliza: "Na mimi mume wangu nimwambieje? Chumba chako tumeshapaka rangi."

"Mwambie afugie kuku," shemeji akadakia, mdomo umejaa.

Binti akacheka bila kutaka. Akamfuta baba yake unga wa mbao begani, akasema atapanda basi peke yake, na kwamba atakuja kila mwisho wa mwezi kuangalia. Mzee akaitikia, "Vizuri, vizuri," akabaki anamtazama anapokwenda kunawa, hajui kama amepewa sifa au ameonewa huruma.