Wale Tuliowafanyia Laser na Wale Tuliowarudisha

Siku yangu ya kwanza katika huduma ya macho sikumgusa mgonjwa hata mmoja. Infirmier chef, yaani mkuu wa wauguzi, mzee mrefu mwenye sauti ya chini, aliniambia nivue viatu nilale juu ya meza ya upasuaji. Nilidhani ananijaribu akili. Akanitia matone ya ganzi, akangoja kidogo, kisha akaniwekea ule waya mdogo unaozuia kope zisifunge, ambao sisi tunauita écarteur. Nikabaki nikitazama taa, siwezi kupepesa, machozi yakitiririka hadi sikioni.

"Unasikia nini?" akaniuliza.

"Kuna kitu inasukuma, Papa. Haiumi."

"Na roho?"

"Roho inapiga mbio."

Akautoa ule waya, akanipa kitambaa. "Basi kesho ukimwambia mugonjwa 'haiumi, lakini utaogopa', utakuwa unasema kitu unajua. Mutu mwenye analala hapa, usimudanganye hata siku moja."

Nilizaliwa Kadutu na nilisomea uuguzi hapa hapa Bukavu. Zamani hizo kazi yetu kubwa ilikuwa mtoto wa jicho, yaani ile lensi ya ndani inapokuwa nyeupe kama maziwa na kumfungia mtu mwanga. Tulikuwa tunateremka Minova siku za soko kuwapima wazee. Baadaye nikatumwa Kamituga, ambako wachimba dhahabu walituletea macho yaliyopigwa na vipande vya mawe. Mkubwa wangu kule alikuwa médecin chef, daktari mkuu wa hospitali, mtu wa maneno machache. Mchimbaji akisema atarudi shimoni kesho, yeye alimjibu: "Jicho haina pièce ya kubadilisha kama moto." Kule kila mtu anaijua moto, yaani pikipiki, na vipuri vyake, hivyo kila mtu alimwelewa.

Niliitwa kurudi Bukavu alipofika ophtalmologue mpya, daktari wa macho, mwanamke aliyekuwa amesomea laser nchi za mbali. Sisi tulimwita Docta tu. Mashine yenyewe ya laser haikuwa kwetu. Ilikuwa Kigali, na yeye alikuwa akienda huko kufanya upasuaji. Kwetu tulipima macho, tulichagua nani aende na nani abaki, na tuliwafuatilia wakisharudi. Mimi alinikabidhi chumba cha vipimo.

Niwaelezee kwanza jambo lenyewe, maana vijana wengi huja wakiamini laser inasafisha jicho kama mtu anavyofuta kioo cha gari. Mbele ya jicho kuna ngozi angavu inayoitwa konea. Kwa mtu asiyeona mbali, mwanga unaoingia unakusanyika kabla ya kufika nyuma ya jicho. Laser inakwangua konea kwa kipimo kidogo mno, inabadilisha umbo lake, na mwanga unafika mahali pake. Kwa hiyo mtu anatoka na konea nyembamba kuliko ile aliyoingia nayo, na kilichokwanguliwa hakirudi. Ndiyo sababu tulipima unene wake, tukachora ramani yake kwa mashine inayoonyesha miinuko kwa rangi, na tukauliza kama miwani yake imebadilika siku za karibuni. Mama mjamzito au anayenyonyesha tulimwambia angoje. Anayevaa lensi za kubandika tulimwambia azivue kwanza siku nyingi, kwa sababu zinaikunja konea na ramani inasema uongo.

Wagonjwa ambao sitawasahau ni ndugu wawili waliotoka Kamituga, Nsimire na kaka yake Cikuru. Nsimire alikuwa mkunga. Alituambia kwamba akimsaidia mama kujifungua, miwani inajaa mvuke na jasho linaiteremsha puani, na mikono yote miwili haiwezi kuiacha kazi. Cikuru alikuwa motard, akibeba watu na mizigo kwa pikipiki kwenye barabara ile ya matope. Mvua ikinyesha juu ya miwani yake alikuwa akiendesha kwa kubahatisha. Yeye ndiye aliyesikia habari za laser, ndiye aliyemvuta dada yake, na njia nzima alikuwa akimwambia vile watakavyorudi bila miwani.

Ramani ya Nsimire ilitoka nzuri, rangi zimetulia pande zote. Ya Cikuru ilikuwa na doa jekundu chini ya katikati, katika macho yote mawili. Niliirudia. Doa likabaki pale pale. Nikaichukua nikampelekea Docta.

Docta aliwaita wote wawili. "Cikuru, konea yako inaanza kuchongoka kama ncha ya yai," akasema. "Tunaita hiyo kératocône. Pale kwenye ncha iko nyembamba tayari. Nikiipunguza tena, itavimba inje na utapoteza ile kidogo unaona leo. Laser hapana."

Cikuru alitabasamu kama mtu anayengoja mzaha uishe. "Docta, niko naona. Nilikuja na moto mimi mwenyewe."

"Uko unaona. Na mimi nataka uendelee kuona. Kuna matunzo ya kuikaza hiyo konea isiendelee, lakini si ile ulikuja kutafuta."

"Na dada yangu?"

"Dada yako anaweza."

Nsimire alimwangalia kaka yake, kisha akafunga mkoba wake. "Kama yeye hapana, na mimi hapana. Ni yeye alinileta."

Cikuru akasimama. "Wewe fanya. Mimi nitaenda kwa benye hawaulizi maneno mingi." Akatoka, na tukasikia pikipiki yake ikiteremka kilima.

Nsimire alibaki akilia bila sauti. Niliketi karibu naye. Nilimwuliza kuhusu kina mama anaowazalisha Kamituga, na akaanza kunisimulia. Alipomaliza akasema, kama mtu anayejijibu mwenyewe, "Bale bamama hawana kosa," na akakubali kwenda.

Nilimsindikiza Kigali. Usiku kabla ya safari aliniuliza ni nini hasa atakachokisikia, nami nikamwambia yote. Atatiwa matone ya ganzi. Kope zitashikiliwa. Kuna wakati jicho litabanwa na kila kitu kitakuwa giza. Hapo ndipo kifuniko chembamba cha konea kinafunguliwa, na giza hilo linapita. Halafu ataambiwa akodolee macho taa ya kijani. Mashine itatoa mlio kama wa chereheni na atanusa harufu kama ya nywele zilizoungua. "Usishituke," nikamwambia. "Na usiogope kwamba utageuza jicho ukaharibu. Mashine inalifuata, na likikimbia sana inajizima yenyewe."

Alilala juu ya meza ya upasuaji amenishika mkono kwa nguvu. Kazi ilikwisha kwa muda mfupi kuliko ule tuliotumia kumtayarisha. Alipoketi alisema anaona kama mtu aliye ndani ya maji. Jioni macho yalimwasha kama yametiwa moshi na pilipili, akalala na vifuniko vya plastiki ili asijisugue. Asubuhi alisoma maandishi ya duka lililokuwa ng'ambo ya barabara, polepole, neno kwa neno. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo kama Cikuru amepiga simu. Hakuwa amepiga.

Uzuri huo pia una mambo yake. Kwa miezi kadhaa macho ya Nsimire yalikuwa makavu na alitembea na matone ya kulainisha macho mfukoni. Usiku taa ziliota duara za mwanga. Alivumilia, kwa sababu alikuwa ameambiwa mapema. Nimeona watu wenye matokeo mazuri kama yake wakidhani wameharibiwa, kwa kuwa tu hakuna aliyewatayarisha.

Cikuru alikwenda mahali ambapo walimkubalia, hata siku ikapangwa. Sijui ni wapi, na sikuwahi kumwuliza. Hakufika siku hiyo, kwa sababu ya mama mmoja aliyekuwa amembeba nyuma ya pikipiki akiwa na mzigo wa unga. Kwenye kona ya matope Cikuru aliona gari moja kama mawili, akakwepa lile lisilokuwepo. Walianguka mtaroni. Mama yule aliumia bega, akapona. Cikuru hakuumia kitu, lakini aliacha kuendesha siku hiyo hiyo, na nusu ya mwaka ilipopita tangu atuache kwa hasira, Nsimire alimleta.

Doa jekundu lilikuwa limepanuka. Nilimwona Docta akihesabu unene wa konea, na nilijua ikishuka chini ya kiasi fulani hata yale matunzo ya kukaza hayawezekani. Akainua kichwa. "Tumebakiza nafasi ndogo. Twende sasa."

Matunzo hayo ni matone ya manjano ya vitamini yanayolowesha jicho, kisha taa ya zambarau inayoifanya konea iwe ngumu. Siku zinazofuata zinauma kweli, na Cikuru aliumwa. Lakini ugonjwa ulisimama. Baadaye alipewa lensi ngumu kubwa, na kwa hizo anaona vizuri kuliko alivyowahi kuona na miwani. Hakurudi barabarani. Ana duka la vipuri vya pikipiki Kamituga, na Nsimire bado anazalisha wamama mtaa wa pili.

Sasa nimestaafu. Vijana wanakuja nyumbani kuniuliza kama laser inauma, na ninawajibu kama nilivyofundishwa. Wakiuliza kama waifanye, ninawaambia wakapimwe, na wasimchukie atakayewarudisha. Wanacheka, maana hilo halifundishiki. Kuna mwalimu mmoja wa Ibanda tuliyemkatalia laser miaka iliyopita. Tukikutana Avenue ile kubwa, huwa ananitambua mimi kabla sijamtambua yeye, anakaza miwani yake na kuvuka upande wa pili ili tusisalimiane. Simwiti. Ameniona kutoka mbali, na mimi ninaendelea na safari yangu nimeridhika.