Kinyozi Aliyeacha Kichwa Nusu

Tangu wamkate utumbo wa chini pamoja na saratani yake, kinyozi hakuwa na shida na mashine. Mkono ulikuwa ule ule. Shida ilikuwa tumbo. Lilimwita bila hodi na halikujua kungoja. Siku aliyorudi kazini alimwacha mteja na upara upande mmoja, msitu upande wa pili, akakimbilia choo cha uani. Aliporudi, mwenzake alikuwa ameshamalizia.

"Kiti chako nakushikia, kaka," mwenzake alimwambia. "Ila watu wanauliza kama siku hizi tunanyoa kwa awamu."

Kinyozi alicheka, kisha akaenda kwa muuguzi wa kliniki, mama aliyezungumzia choo kama wengine wanavyozungumzia mvua. Alimfundisha kula kidogo kidogo kwa saa zile zile, asishinde njaa akidhani tumbo tupu hutulia. Maharage, pilipili na maziwa viwekwe kando, halafu virudi kimoja kimoja waone kipi kinamchokoza. Kinyozi alifuata kama askari: wali, yai, ndizi mbivu. Tumbo likaendelea na ukorofi wake.

Muuguzi akamwita mkewe, wakapitia mlo mmoja mmoja. Walipofika kwenye uji, mke akainamisha kichwa. Kila asubuhi alikuwa akiutia maziwa, kimyakimya.

"Nguo zinampwaya, sista. Nimtazame tu akiisha?"

Muuguzi hakumgombeza. Alimweleza namna ya kumrudishia mwili kwa mayai na samaki. Njiani kinyozi alimshika mkewe mkono, jambo wasilolizoea. Kumbe ni maziwa tu, aliwaza, na akaanza kupanga siku ya kurudi kitini.

Maziwa yalitolewa kwenye uji. Tumbo likapunguza ukali, likamwachia nafasi ya kunyoa ndevu, si kichwa kizima. Likabaki hapo. Miezi ikapita, na yeye akauliza lini litakuwa kama zamani.

"Baba, chakula kinasaidia," muuguzi alisema. "Lakini walichokata ndicho kilichokuwa kinashikilia choo. Huenda ndiyo hivi."

Alipitia kazini akamwambia mwenzake ampe mtu kile kiti. Mwenzake alibisha, lakini si kwa nguvu. Kinyozi akazungusha waya kwenye mashine yake, akaondoka nayo kwapani.

Alifika nyumbani saa ya kula. Akala kidogo, kama alivyofundishwa, akatafuna polepole. Hakuwa na haraka ya kwenda popote.