Kiti cha Mtahini wa Nje

Mhudumu wa idara ya mimea pale chuoni walimwita Bi Haraka, na jina lilimkaa kama gauni la kupimiwa. Ukimtuma chaki, alishafika stoo kabla hujasema za rangi gani. Miguu ilikuwa myepesi. Masikio ndiyo yaliyoachwa nyuma.

Asubuhi ile mkuu wa idara alimwambia, "Panga viti vya watahini. Wa ndani watatu, wa nje mmoja. Huyo wa nje umheshimu, katoka mbali, na bila yeye mtihani haufanyiki."

"Nimekusikia, mkuu!"

Viti vitatu akaviweka ndani. Cha nne, chenye mto, akakiweka kwenye kibaraza cha nyuma, kivulini. Moyoni alimhurumia mgeni wa watu: atoke mbali kote huko, halafu asikaribishwe hata ndani!

Mwanafunzi wa siku hiyo alikuwa amesomea shahada yake ya uzamivu akiwa na mimba, akajifungua kati ya sura ya tatu na ya nne ya tasnifu. Alifika mtoto mgongoni, jasho usoni.

"Dada, nishikie huyu. Muda wangu wa masomo unaisha mwezi huu. Leo nikikwama, basi tena."

"Nenda, mdogo wangu. Mtoto wa mwenzio ni wako."

Kidogo akatokea mzee mwenye mkoba na ndevu nyeupe.

"Shikamoo, baba. Wewe ndiye mtahini wa nje?"

"Marahaba. Ndiye mimi."

"Basi karibu nje."

Mzee akatazama mlango, akatazama kiti. Mgeni hachagui pa kukaa, akaketi. Bi Haraka akakumbuka chai jikoni. "Baba, nipokelee mtoto kidogo." Mtoto akampima mzee kwa macho, akashika ndevu, akalala.

Ndani, mkuu alitazama saa mpaka saa ikaona aibu. "Asipofika sasa hivi, tunaahirisha." Ndipo Bi Haraka akaingia na sinia la chai.

"Mtahini wa nje hujamwona?"

"Yupo nje."

"Nje wapi?"

"Si mlisema wa nje? Nimempa chenye mto."

"Na mwanangu?" mwanafunzi akauliza.

"Anaye mtahini."

Wakatoka mbio. Mzee akaweka kidole mdomoni. "Ndiyo kwanza amelala. Atakayemwamsha, nitamtahini yeye."

"Tuwie radhi, Profesa. Tuingie ndani."

"Nikiinuka, ataamka. Leteni viti."

Basi mtihani ukafanyika kibarazani, kwa kunong'ona. Mtahini mmoja wa ndani, ambaye kwa kawaida akiuliza swali vioo hutetemeka, siku hiyo alipumua maneno kama tairi lenye pancha. Na mwanafunzi, aliyekuwa akiogopa sauti ile kuliko swali lenyewe, akamjibu habari za ugonjwa wa mizizi ya maharage kwa sauti ileile ya kubembelezea. Mzee akawa anatikisa kichwa na goti pamoja.

Watahini walipoanza kushauriana, mwanafunzi akamsogelea Bi Haraka pembeni. "Dada, umeniua au umeniokoa?"

"Hata sijui, mdogo wangu. Tungoje."

Mkuu akamwita, akanong'ona, "Umefaulu, ila..."

"Kafauluuu!" Bi Haraka akapaza sauti, sinia likamponyoka.

Mtoto akaruka, akalia, akalowesha suruali ya profesa. Mama yake akambeba huku akicheka na kulia, akauliza, "Ila nini, mkuu? Nirekebishe wapi?"

Kwa kilio kile, jibu la mkuu hakuna aliyelisikia.